Wasomaji Wanauliza: Gemu za besiboli zilianza kuuzwa lini?

SWALI: Mambo mhariri. Kijiweni kwetu kuna jamaa anabisha kwamba kuuza mechi kwenye besiboli ya Marekani kulianza 1919 na wale wa Chicago White Sox, eti kabla ya hapo mchezo ulikua msafi. Kweli? Na enzi hizo watu walikua wanabeti vipi timu iliyo mkoa mwingine? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Huyo jamaa kachelewa miaka hamsini na ushee. 1865 tayari wachezaji watatu wa New York Mutuals walikula dola 100 wakawaachia timu ya Eckford ya Brooklyn washinde 23 kwa 11. Wakafungiwa, ila ndani ya miaka michache wote wakasamehewa wakarudi uwanjani, sasa hapo nani ataogopa?

Ila kesi tamu ni ya timu ya Louisville Grays, 1877, National League, ligi kubwa ya besiboli ya Marekani, ikiwa ndo msimu wake wa pili tu. Mwezi wa nane Louisville wako kileleni, wakasafiri kucheza mechi za mashariki na huko wakaanza kupigwa mfululizo, mipira myepesi kabisa inawaponyoka, mwisho ubingwa wakabeba Boston. John Haldeman, mwandishi wa gazeti la Courier-Journal ambae baba yake ndo alikua mkubwa wa klabu, akaanza kunusa kitu, na makamu wa rais wa klabu Charles Chase nae alishapata telegramu (meseji za enzi hizo, zilizopita kwenye waya) zisizo na jina zikimtonya.

Na hapo ndo jibu la swali lako la pili: kila kitu kilipita kwenye telegramu. Mcheza kamari wa New York, James McCloud, alimwambia Jim Devlin wa Louisville akitaka vijihela amtumie telegramu yenye neno "sash". McCloud akiliona tu anajua gemu imeuzwa, anaenda kuweka mzigo kwa timu pinzani. Na hakukosea mtu, maana Devlin ndo mrushaji, yule anaemrushia mpigaji mpira, na msimu ule Louisville walimtegemea yeye peke yake mwanzo mwisho. Baadae mchezaji mwenzao Bill Hague akapata jipu, George Hall, mchezaji aliekua kwenye dili na Devlin, akapendekeza aletwe Al Nichols kuziba nafasi, kumbe Nichols nae ni wa mle mle.

Sasa sikia hii. Kwenye gemu ya Indianapolis McCloud alituma dola 100 kwa barua, Devlin akampa Hall 25 akamwambia jamaa katuma 50 tu, yani wezi wanaibiana! Haya kayatapika Devlin mwenyewe alipobanwa.

Walibanwaje? Uongozi uliwataka wachezaji wote waruhusu telegramu zao zisomwe. Ni kama leo bosi akwambie leta simu nisome meseji zako. Bill Craver akagoma. Tarehe 30 Oktoba 1877 wakafukuzwa wote wanne, Devlin, Hall, Nichols na Craver, na ligi ikawafungia maisha. Mimi kwa Craver naona walimwonea, hakuna aliemwonyesha hata senti aliyokula, na klabu yenyewe ilikua inasuasua kulipa mishahara, halafu unataka nikupe na barua zangu?

Hao White Sox wa 1919 umaarufu wao ni kwa sababu waliuza fainali yenyewe, World Series, na hata baada ya baraza la mahakama kuwaachia 1921 kamishna wa besiboli, Landis, akawafungia wachezaji wote wanane. Ukali huo haukuanzia kwake. Devlin alimwomba rais wa ligi, William Hulbert, amsamehe, akaomba na kuomba, jamaa hakulegeza. Devlin akaishia kua polisi Philadelphia mpaka alipofariki 1883, na Craver nae, amini usiamini, akaenda kua polisi kule Troy, New York.