Ndege weupe wa ufukweni: anza na mdomo, malizia na vidole

Mleta mada ameuliza awatofautishe vipi ndege weupe wenye shingo ndefu wanaotembea matopeni maji yakipwa huko kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, maana kila anayemuuliza humjibu "yangeyange" basi. Jibu hilo si kosa, ila jina hilo moja limebeba ndege watano. Weupe wao haukusaidii kitu. Tazama rangi ya mdomo, shuka kwenye miguu hadi vidoleni, kisha rudi kwenye ile ngozi tupu kati ya jicho na mdomo.

Mdomo wa manjano, mfupi, shingo nene na kidevu kilichojaa manyoya kama kimevimba: huyo ni yangeyange wa ng'ombe, urefu kama sm 50. Utamkuta malishoni na majalalani kuliko kwenye maji ya chumvi. Akikaribia kutaga huota manyoya ya rangi ya machungwa iliyofifia utosini, kifuani na mgongoni, na watu humdhania ni ndege mwingine kabisa.

Mdomo wa manjano lakini ndege anakaribia mita moja, shingo ina kona kali kama imevunjika: yangeyange mkubwa. Hakikisha kwa mstari wa pembe ya mdomo, pale mdomo unapofungukia. Kwake mstari huo unapita nyuma ya jicho. Kwa yangeyange wa kati, ambaye hupenda zaidi maji matamu, unakomea chini ya jicho. Tahadhari: msimu wa kuzaa mdomo wa yangeyange mkubwa hugeuka mweusi. Ndiyo sababu nasisitiza vidole. Vyake ni vyeusi mwaka mzima.

Sasa kwenye kazi yenyewe. Mdomo mweusi, miguu myeusi, vidole vya manjano: hapo wapo wawili, yangeyange mdogo na yule wa miamba ya pwani (Egretta dimorpha). Wanalingana, kama sm 60 kila mmoja. Kwa mdogo, ngozi iliyo mbele ya jicho huwa ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo ni mwembamba kama sindano. Kwa wa pwani ngozi hiyo ni ya manjano, mdomo umenenepa kidogo, na mara nyingi manjano ya vidole hupanda juu ya kifundo. Usihukumu kwa alama moja. Wakiwa katika kuzaa, ngozi ya uso wa wote wawili huweza kuwa nyekundu au ya waridi, kwa hiyo siku hizo tegemea mdomo na miguu. Na tope la mikoko likikauka miguuni huficha manjano yote. Subiri ndege aingie majini ajioshe.

Huyu wa pwani yupo pia wa rangi ya kijivu kizito mwenye koo jeupe. Si suala la dume na jike, ni aina moja yenye rangi mbili, na hata wenye mabaka wapo. Watu humchanganya na korongo mweusi anayefunika mbawa kama mwavuli akivua. Korongo huyo pia ana vidole vya manjano, lakini koo lake ni jeusi tupu.

Ukiona mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene kama kisu na miguu mirefu ya kijivu-buluu, toka kwenye kundi la yangeyange: huyo ni membe, mla kaa. Anatoka fukwe za Uarabuni, ambako hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani, na huku huwa wengi kuanzia Agosti hadi Aprili. Mwenye mgongo wa kijivu ni kinda la mwaka huo.

Kuhusu saa: maji yakipwa kabisa, hasa ya bamvua (mwezi ukiwa mpevu au ukiandama), ndege wako mbali mno. Nenda zikiwa zimebaki kama saa mbili maji yajae, yanapowasukuma kuja nchi kavu. Ufukwe wetu mwingi unatazama mashariki, hivyo asubuhi jua liko machoni pako na ndege mweupe huonekana kivuli tu. Jioni jua likiwa mgongoni rangi ya miguu husomeka vizuri. Darubini ya 8×42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele mm 42) inatosha. Ya kukuza mara 10 hutetemeka mkononi upepo wa kusi ukivuma, na rangi ya ngozi ya uso ndiyo ya kwanza kupotea.

Ukileta picha hapa, piga mbili kwa kila ndege: kichwa kwa ubavu, na miguu ikiwa nje ya maji. Bila vidole kuonekana, yule mdogo na yule wa pwani siwezi kukutenganishia kwa uhakika.