Mhadhara wa Umma Uwe wa Umma Kweli: Ushauri kwa Idara za Sanaa, Fasihi na Historia

Kwa miaka mingi nimeshiriki kuandaa mihadhara, jioni za mashairi na maonyesho ya tamthilia katika vyuo vikuu vya Nairobi, na jambo moja limekuwa likijirudia mbele ya macho yangu. Idara hutangaza kwamba shughuli ni ya umma, ukumbi hupambwa, kisha wanaoketi humo wakawa ni wahadhiri wa idara hiyo hiyo, wanafunzi waliosisitiziwa kuhudhuria, na wageni wachache wa heshima. Wakati huo huo watu wa jiji wanapita University Way wakielekea stejini kupanda matatu, na wengi wao wangeingia kwa furaha kama wangejua kwamba wanaruhusiwa.

Ushauri wangu kwa mwandaaji ni kwamba kabla hajaandika barua ya kumwalika mzungumzaji, amfikirie mtu mmoja asiye wa chuo na apange kila kitu kwa ajili ya mtu huyo. Mimi humfikiria karani anayefanya kazi katikati ya jiji, anayekaa mtaa wa Umoja, aliyependa fasihi alipokuwa shule ya upili na ambaye hajashika diwani ya mashairi tangu amalize mtihani. Akipata nafasi yake ukumbini, wengine nao watapata.

Tuanze na saa. Idara nyingi huchagua saa nane mchana kwa sababu kumbi huwa wazi na wahadhiri wapo, lakini saa hiyo karani wetu yuko kazini. Siku za kazi, saa kumi na moja na nusu jioni humfaa zaidi, maana kutoka barabara ya Tom Mboya au Moi Avenue hadi bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi ni mwendo wa miguu. Hata hivyo, shughuli iishe kabla ya saa mbili usiku, kwa kuwa anayekwenda Eastlands au Githurai anawaza magari na nauli tangu giza linapoingia, na mtu anayetazama saa hasikilizi. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ule wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mvua ya jioni ikinyesha mji husimama na nauli hupanda papo hapo. Katika miezi hiyo ni heri Jumamosi saa nne asubuhi, ambapo hata wazazi huja na watoto wao.

Geti ni jambo ambalo waandaaji hulipuuza kupita yote, nami nitalikalia kidogo. Mgeni akifika, mlinzi humwomba kitambulisho na kumuuliza anakwenda kwa nani. Mtu anayekuja kusikiliza mashairi haendi kwa mtu yeyote, kwa hiyo anakosa jibu, anaona haya, anageuka. Katika chuo kimoja niliwahi kushuhudia wageni waliotoka mbali wakizuiwa nje kwa sababu hakuna aliyewaarifu walinzi, na tulipopata habari baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Iliniuma sana, kwa sababu mtu aliyerudishwa getini mara moja hawezi kujaribu tena, na atawaambia jirani zake kwamba chuo ni cha wenyewe. Siku hizi nawapelekea walinzi karatasi siku moja kabla, ikionyesha jina la shughuli, ukumbi na saa, pamoja na sentensi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwaliko hauhitajiki. Kisha wanafunzi wawili husimama getini tangu mapema, na kazi yao ni kusema, "Karibu mama, ukumbi uko upande huu," na kumsindikiza mgeni hadi anapouona mlango. Mabewa yetu yana majengo mengi, na ukumbi kama Taifa Hall, ambao kila mwanafunzi anaujua, haujulikani kabisa na mtu anayeingia bewani kwa mara ya kwanza.

Ndani ya ukumbi, adui mkubwa ni itifaki. Mkuu wa idara humkaribisha mkuu wa kitivo, mkuu wa kitivo humkaribisha mwakilishi wa Naibu Chansela, kila mmoja huwatambua wote waliokwisha kutambuliwa, na mzungumzaji anapopewa nafasi watu wamechoka. Mwandaaji awe na ujasiri wa kukubaliana na wakubwa mapema kwamba salamu zote zitatolewa na mtu mmoja, kwa dakika tano. Mhadhara uchukue dakika arobaini. Muda uliobaki, usiopungua dakika arobaini nyingine, ni wa wasikilizaji, na usiliwe na mtu yeyote kwa kisingizio kwamba tumechelewa kuanza.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya niliyoyaona. Katika mhadhara mmoja kuhusu historia ya Nairobi, mhadhiri alieleza vizuri jinsi jiji lilivyochipuka kutokana na reli iliyofika hapa mwaka wa 1899 na jinsi makazi yalivyogawanywa kwa misingi ya rangi. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema hana swali ila ana nyongeza. Akaeleza chumba alimolelewa huko Muthurwa, makazi ya wafanyakazi wa reli, pazia lililotenganisha kitanda cha wazazi na mahali walipolala watoto, bomba la maji la pamoja na foleni yake ya alfajiri. Msimamizi wa kikao alitaka kumkatiza ili aulize swali, lakini mhadhiri akasema, "Mwacheni mzee aendelee," akatoa kalamu na kuanza kuandika. Siku ile ukumbi mzima ulisikia historia kutoka pande mbili, na baada ya kikao wanafunzi walimzunguka mzee yule wakimwomba wamtembelee wamrekodi.

Taaluma hizi zina deni kwa watu kama yeye. Mwaka wa 1968, wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi ifutwe na mahali pake pawe na idara itakayoiweka Afrika katikati, na katika mpango huo fasihi simulizi ilipewa hadhi ya somo kamili. Tangu hapo wanafunzi wamekwenda vijijini kukusanya nyimbo, ngano na methali kutoka kwa wazee ambao wengi wao hawakualikwa hata siku moja kusikia kilichoandikwa juu yao. Mwaka wa 1974 chuo hicho kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri kilichowapelekea wananchi michezo ya kuigiza huko waliko, bila kungoja waje jijini. Idara isiyo na fedha za safari ndefu inaweza kuanzia karibu: maktaba ya McMillan iko katikati ya jiji, nayo matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako katikati ya makazi ya watu.

Kuhusu lugha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kwa hiyo mwandaaji hamfanyii mtu hisani anaporuhusu swali liulizwe kwa Kiswahili. Mzungumzaji akitumia Kiingereza, gaweni mlangoni ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hoja zake kuu, na msimamizi atangaze mwanzoni kabisa, kwa Kiswahili, kwamba maswali yanapokelewa kwa lugha zote mbili. Tangazo hilo dogo hubadilisha kabisa mikono inayoinuliwa. Mgeni kutoka nje akae na mkalimani wake siku iliyotangulia wapitie istilahi pamoja, kwa sababu mkalimani anayekutana na dhana ya falsafa kwa mara ya kwanza jukwaani hana budi kuiruka.

Fedha zikiwa chache, achaneni na bango kubwa la nyuma ya jukwaa na fulana zenye nembo. Kodisheni vipaza sauti viwili vya kuzunguka ukumbini, mlipeni mkalimani wa lugha ya ishara, na chai ikibaki ndani ya uwezo iwepo, kwa sababu mazungumzo ya kwenye chai huwafungua watu walioogopa kusimama. Picha ya tangazo inayosambazwa kwenye WhatsApp iseme mahali, siku, saa, na neno "Bure" lionekane bila kutafutwa. Bandikeni pia karatasi maktabani, kanisani, msikitini na kwenye vibanda vya stejini, baada ya kuomba ruhusa.

Mlangoni wekeni daftari kwa wanaotaka kuarifiwa shughuli zijazo. Elezeni wazi namba zao zitatumika kwa nini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo, na msiziongeze kwenye kundi lolote bila idhini. Ujumbe mfupi unaomfikia mtu kwa jina lake wiki moja kabla huleta watu wengi kuliko mabango yote. Kwa idara zinazotaka kuanza, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021, huadhimishwa tarehe 7 Julai, siku ambayo hapa Kenya pia ni Saba Saba, siku ya maandamano ya kisiasa, na kwa hiyo mipango ya ukumbi, geti na usafiri ianze kujadiliwa na uongozi wa chuo mwezi wa Aprili.