Kinga haijalala, inavurugwa

Mama Shiro, umeuliza kwa nini fizi za mzee hazikomi kutoka damu ilhali mwili una kinga. Kinga haijalala. Shida ni bakteria wanaoivuruga, na anayejulikana zaidi ni Porphyromonas gingivalis. Huyu hutoa vimeng'enya viitwavyo jinjipaini, vinavyokatakata protini za kinga. Anapunguza makali ya seli nyeupe zinazopaswa kumuua, ila uvimbe anauacha uendelee. Kwa nini auache? Ndio unaomlisha! Fizi iliyovimba huvuja damu, na yeye anataka madini ya chuma yaliyomo. Halafu mfupa unaoshika jino hauliwi na bakteria moja kwa moja. Ni kinga yenyewe, ikipigana miaka nenda miaka rudi, inayoamsha seli za kumeng'enya mfupa. Hapo ndipo jino huanza kucheza.

Kusukutua kwa maji ya chumvi hakung'oi ugaga, yaani uchafu mgumu wa meno, uliogandia chini ya fizi. Mpeleke akasafishwe, hata pale hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na apimwe sukari, maana kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana.