Kamongo, sangara na sisi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza inakuwaje mhadhiri wenu aseme kamongo ni ndugu yetu sisi kuliko alivyo ndugu wa sangara, ilhali wote wawili ni samaki na wanavuliwa ziwa moja. Amesema kweli, na katika yote niliyofundisha hakuna nilichokipenda kama hicho.

Undugu wa viumbe hauhesabiwi kwa sura wala makazi, bali kwa babu wa pamoja. Unaweza kufanana na jirani kuliko binamu yako, na bado binamu ndiye wa ukoo. Ukoo wa sangara ulitengana na wetu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kamongo alibaki upande wetu, akaja kushika njia yake baadaye.

Usiishie kwenye mchoro wa daftari. Nenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, asubuhi, omba wakupasulie sangara. Chini ya uti wa mgongo utaliona bondo, lile ambalo kilo yake inauzwa ghali kuliko minofu. Ni mfuko wa hewa wa kumsaidia kuelea tu. Kisha wapasue kamongo. Utakuta mapafu mawili marefu, ndani yana vijumba vidogo vilivyojaa mishipa ya damu, na mlango wake uko upande wa chini wa koo, kama wetu. Wengi hudhani bondo ndilo lililogeuka kuwa pafu. Ni kinyume: pafu lilitangulia, bondo likatokana nalo. Wavuvi wanajua kwamba kamongo mkubwa akizuiwa na wavu asipande kuvuta hewa, hufa maji.

Tazama na pezi lake. Ni jembamba kama uzi, rahisi kulidharau, lakini limeungana na bega kwa mfupa mmoja, kama mkono wako. La sangara linashikwa na vifupa kadhaa vilivyopangana.

Utasikia pia habari za silikanti, samaki wa baharini aliyevuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 wakati wataalamu wakiamini alishatoweka zamani za dinosaria, na ambaye tangu 2003 anapatikana pwani yetu, hasa Tanga. Naye ni wa upande wetu. Ila jenomu yake, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, ilipochapishwa mwaka 2013, ulinganisho ulionyesha kamongo yuko karibu nasi zaidi yake. Wenzako wakibisha, wapeleke mwaloni.

Baba yako