Tambi za Kikaango Kimoja kwa Jioni za Katikati ya Wiki

Natoka kazini saa 12 jioni. Duka ninalofanyia kazi liko mjini Mwanza, nyumbani ni Buhongwa, na kati ya hapo kuna Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani, kila kituo na abiria wake wa kushuka na kupanda. Nikibahatika nafungua mlango saa 1 na robo. Wanangu wawili wameshaoga na wana njaa. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Misungwi kututembelea tukamsihi asirudi, amewatuliza kwa viazi vya kuchemsha. Mume wangu ana zamu: wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Ndiyo nyumba ninayoipikia.

Zamani jioni zangu zilikuwa za sufuria nne. Ya ugali, ya mchicha, ya dagaa, na nyingine ya kuchemshia maji. Kupika kwenyewe sikuoni kuwa mzigo, nakupenda. Kilichonimaliza ni kusimama saa 4 usiku mbele ya beseni la vyombo, maji ya kuosha yamepimwa kwa ndoo, sufuria ya ugali imeshika ukoko, huku mtoto ananiita nimsikilize anavyosoma. Mara nyingi alilala kabla sijamaliza kusuuza. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu chakula hiki kwa moyo wote. Kimenirudishia saa nzima ya usiku, na saa hiyo nawapa wanangu.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa tunakula mchana, akaniambia yeye hamwagi maji ya tambi. Anaweka kila kitu kwenye kikaango kimoja, tambi zinaivia ndani ya mchuzi wake. Jioni ile ile nikajaribu. Nikaweka maji mengi kama nilivyozoea, lita 2 na zaidi, nikasubiri yakauke. Yalipokauka tambi zilikuwa zimevimba, zimepondeka, zimekuwa kama uji wa ngano wenye nyanya. Wanangu walikula kwa sababu ya njaa. Sikukata tamaa, kwa kuwa mchuzi wenyewe ulikuwa na ladha nzuri kuliko tambi zozote nilizowahi kupika.

Baadaye nikaelewa kwa nini. Tambi zikichemka hutoa wanga kwenye maji. Ukimwaga yale maji meupe, wanga umeumwaga nao. Ukiyabakiza, na yawe machache, wanga ule unashikana na mafuta na nyanya, mchuzi unakuwa mzito na laini bila unga wala maziwa. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kipimo cha maji. Ukikipata, mengine yatakunyookea.

Kipimo changu ni hiki. Kwa tambi gramu 400, zinazotosha watu wazima watatu na watoto wawili, naweka lita 1 ya maji, nikiwa na nyanya 4 kubwa ndani. Sihitaji mizani wala jagi. Chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita ndizo kipimo, kila nyumba inazo. Kando nakuwa na kikombe kimoja cha maji ya moto ya akiba, cha kuongeza kidogo kidogo nikiona mchuzi umekauka kabla tambi hazijalainika. Maji ukiongeza yanaingia, ila ukizidisha huna pa kuyapeleka.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo maelekezo ya pakiti hayalijui. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Pakiti ikisema dakika 9, wewe hesabu 11 au 12. Nilikuwa nalaumu tambi kumbe ni mwinuko.

Hata hivyo tambi nazo si sawa zote. Tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa imetengenezwa kwa ngano ngumu, ile inayoitwa durum. Ukiitazama, tambi yake ina rangi ya njano iliyokolea kidogo, na ukiivunja inalia. Zile nyeupe za ngano laini hupondeka zikikaa kwenye mchuzi. Na zile tambi nyembamba kama nywele, ambazo wenzetu wa pwani huzikaanga wakazipika na sukari na iliki wakati wa futari, ziache kwa kazi yake hiyo. Zinaiva kwa dakika chache mno, hazitasubiri mchuzi wako.

Sasa dagaa. Hapa nitakaa kidogo.

Ninaweza kupika tambi hizi kwa nyama ya kusaga, na huwa napika. Lakini ukiishi ukingoni mwa ziwa hili, dagaa ndiye nyama yako ya Jumanne. Ananunuliwa kwa kopo au kisado, anakaa kabatini bila friji, na anaiva kwa dakika 3. Mimi hununua Jumamosi, Mwaloni kule Kirumba, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukitaka bei nzuri fuatilia mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, dagaa huufuata mwanga. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu, kwa hiyo dagaa wengi hupatikana siku za giza. Baada ya siku hizo za giza nenda na kapu kubwa.

Mtazame dagaa kabla hujatoa hela. Mzuri anang'aa rangi ya fedha, kichwa hakijakatika. Akiwa ameanza kuwa wa njano au wekundu, mafuta yake yameshaanza kuharibika, na harufu yake haitatoka hata umwekee ndimu kumi. Muulize muuzaji amekaushwa wapi. Wa kwenye chanja ni bei juu kidogo, lakini hana mchanga. Waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga kwenye tambi ni balaa, maana hapa hakuna maji ya kumwaga, kila kilichomo kwenye kikaango kitaliwa.

Namna ninavyowaosha: maji ya uvuguvugu kwenye bakuli pana, nawachezesha kwa vidole, naacha wakae dakika 2 ili mchanga utulie chini. Halafu nawatoa kwa mkono kuwaweka kwenye bakuli jingine. Usiinamishe bakuli kumwaga maji, utaurudisha mchanga juu yao. Rudia mara 3, mpaka chini ya bakuli pawe safi. Hii naifanya Jumamosi hiyo hiyo, nawaanika tena wakauke kabisa, nawafungia kwenye kopo. Katikati ya wiki sina muda wa kuosha dagaa, na wewe huna.

Jioni yenyewe inakwenda hivi. Mama mkwe anajaza chupa ya chai maji ya moto mchana anapochemsha chai yake. Maji hayo ndiyo ninayopikia, kwa hiyo sianzi na maji baridi. Kikaango changu ni kipana, kama sentimita 30, kina kina cha vidole vinne, na kina mfuniko. Kama huna, sufuria pana inafaa kabisa, ila isiwe ndefu na nyembamba. Upana ndio unaofanya tambi zilale zikanywa mchuzi kwa usawa.

Mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula. Yakipata moto, dagaa mikono miwili wanaingia. Nawageuza dakika 3 mpaka wawe wakavu wa kuvunjika, natoa nusu yao kwenye sahani, nusu wanabaki. Kitunguu maji kimoja kikubwa kinafuata, kisha vitunguu saumu punje 4 na tangawizi kidogo, vyote vimepondwa pamoja. Kitunguu kikianza kuwa cha dhahabu naweka karoti iliyokwanguliwa na nyanya zilizokatwakatwa. Hapa usiwe na haraka. Nyanya zipikike mpaka mafuta yajitenge, dakika 5 au 6, hata kama watoto wanauliza. Nyanya mbichi zikipata maji kabla hazijaiva zitabaki na uchachu ambao hautaondoka.

Chumvi ni kijiko kimoja cha chai, kisicho na kilima. Waliozoea kutia chumvi nyingi kwenye maji ya tambi wawe waangalifu, kwa sababu maji yale yalikuwa yanamwagwa na chumvi yake. Haya hayamwagwi. Onja mwishoni uongeze.

Kisha maji ya moto lita 1, na tambi kavu. Kama ni ndefu kuliko kikaango zivunje katikati, hakuna dhambi. Zikandamize zizame, funika dakika 2 zilainike, funua, koroga vizuri kutoka chini. Kuanzia hapo usiondoke mbali. Kila baada ya dakika moja au mbili pitisha mwiko chini, kwa kuwa wanga ukitulia unashika na kuungua. Moto uwe wa kati. Kwa gesi ni rahisi. Kwa jiko la mkaa, toa makaa mawili matatu na funika yaliyobaki kwa majivu kidogo. Nilipika hivyo mwaka mzima kabla sijanunua mtungi, na chakula kilikuwa ni kile kile.

Dakika ya 9, naweka hoho na mchicha uliokatwa. Dakika ya 11, nachukua uzi mmoja wa tambi nauma. Ukiona kidoto cheupe katikati bado. Kikishapotea, zima moto hata kama mchuzi unaonekana bado ni mwepesi. Funika, hesabu dakika 3. Tambi zitaendelea kunywa, na ukifunua utakuta mchuzi umezishika zote. Nilikuwa napika mpaka mchuzi unakauka motoni, nikipakua zinakuwa zimegandana. Dakika hizo 3 za kusubiri ndizo zilizoniponya.

Mara ya kwanza nilipompakulia mama mkwe, alikula vijiko viwili, akaweka sahani chini taratibu. "Mwanangu, hiki ni kitamu. Lakini chakula kiko wapi?" Kwake yeye usiku bila ugali ni usiku wa njaa, na ninamwelewa, ndivyo alivyowalea watoto saba. Sikubishana naye. Nilimsongea ugali mdogo wake wiki ile yote, akala na mchuzi wa tambi kama mboga.

Wiki iliyofuata nilirudi nikamkuta jikoni na kinu. Alikuwa ametwanga karanga. Akaniambia, "Hicho chako kinakosa kitu cha kukaa tumboni." Nikamwambia, "Sawa mayu, niambie lini niziweke." Alichukua vijiko 3 vikubwa vya karanga zile, akazikoroga na maji ya moto kwenye kikombe mpaka zikawa laini, akamimina wakati ninaweka mchicha. Mchuzi uligeuka rangi, ukawa mzito kama wa mboga zake za kwao, ukafunika dagaa na tambi. Sijui nieleze vipi ladha ile. Karanga na dagaa wamejuana siku nyingi katika vyungu vya Usukumani, mimi sikuwa nimefikiria kuwakutanisha na tambi. Usiku ule alimaliza sahani, akaongezwa. Tangu hapo sipiki bila karanga. Ukiziweka, kile kikombe cha akiba utakihitaji, kwani karanga nazo zinakunywa maji.

Ukipakua, wale dagaa wakavu uliowatenga wanyunyizie juu, kamulia ndimu, na mwenye kutaka pilipili aongeze kwenye sahani yake. Mwanangu mdogo anaanza na dagaa wa juu mmoja mmoja kama karanga za njiani.

Ukiwa na samaki mbichi, inawezekana pia. Minofu ya sangara ni bora kuliko ya sato kwa pishi hili, kwa sababu haikatikikatiki upesi. Kata vipande vya vidole viwili, vipake chumvi na ndimu, vilaze juu ya tambi dakika 6 za mwisho, funika, usivikoroge. Kwa sato fanya hivyo hivyo lakini kwa mkono mwepesi zaidi. Na mwisho wa wiki, nikipata mapanki mazuri, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, nayachemsha na tangawizi, nachuja mifupa kwa makini, na supu hiyo inachukua nafasi ya maji. Hiyo si ya Jumanne.

Tangu ninapowasha moto mpaka kupakua ni dakika 30, na vyombo ni kikaango, mwiko, kisu na sahani za kulia. Kikaango nakijaza maji kikiwa bado cha moto, kabla sijakaa kula. Wanga ukikauka ni kazi kuutoa. Ukiloweka, unafuta kwa kitambaa.

Wiki ambazo mume wangu yuko zamu ya usiku, namtengea sehemu yake mapema kwenye bakuli lenye mfuniko, na hiyo naitoa dakika 2 kabla tambi hazijaiva kabisa, na mchuzi mwingi zaidi. Anarudi alfajiri, sote tumelala. Anaimimina kwenye kikaango kile kile, anaongeza robo kikombe cha maji kutoka kwenye chupa ya chai, anafunika kwa moto mdogo dakika 4. Wakati huo zinamalizikia kuiva. Dagaa wakavu nimemwachia pembeni, kwenye karatasi, wasilowane.