Neno lililotoka shingoni mwa mtakatifu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na baba yako anakusalimu sana. Umeuliza maana ya neno la Kiingereza “tawdry” na asili yake, kwa kuwa mwenzako mmoja hapo Cambridge aliliita hivyo gauni ulilojikwatulia kwenda harusini. Sikufichi, ni neno la dharau: vazi au pambo la kumeremeta, la kuvuta macho, lakini rahisi na lisilo na ubora. Ila asili yake haina dharau hata chembe, nayo iko jirani yako kabisa.

Limetokana na jina la mwanamke. Katika karne ya 7 aliishi Æthelthryth, binti wa Anna, mfalme wa East Anglia, ufalme wa mashariki mwa Uingereza ya kale. Aliolewa mara mbili, mara ya pili na Ecgfrith, mfalme wa Northumbria huko kaskazini, akawa malkia, kisha akauacha umalkia akawa mtawa. Mwaka 673 alianzisha monasteri huko Ely, mji ulio karibu na Cambridge. Bede, mtawa aliyekamilisha historia yake ya Kanisa mwaka 731, anasimulia kwamba alivaa nguo za sufu tu, kitani hakukitaka. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na alisema anastahili kuubeba kwa sababu ya mikufu aliyojivika bila haja alipokuwa msichana. Mimi siamini kwamba Mungu humwadhibu binti kwa mkufu. Lakini simulizi hiyo ndiyo iliyoiunganisha shingo yake na mapambo.

Jina lake gumu watu walilikata likawa Audrey. Ely palikuwa na gulio la kila mwaka mwezi Oktoba, kwa heshima yake, na wanawake walinunua utepe wa hariri wa kuvaa shingoni ulioitwa kwa jina lake. Hebu litamke harakaharaka pamoja na Saint, yaani Mtakatifu: Saint Audrey, Saint Audrey. Ile t ya mwisho wa Saint inarukia jina, na unapata tawdry. London nako kuna barabara ya Tooley, ambayo jina lake limetokana na Saint Olave, lililopatwa na mambo hayohayo.

Mwanzoni utepe huo ulikuwa zawadi ya kutamaniwa. Katika The Winter's Tale ya Shakespeare, Mopsa, msichana wa shamba, anamkumbusha mwanamume wake kwamba alimwahidi “tawdry-lace”, yaani utepe huo, na glavu zenye manukato. Anaudai kwa hamu, wala hamna anayemcheka kwa neno hilo.

Ni katika karne ya 17 jina lilipoporomoka. Utepe wa magulioni ulikuwa wa rangi kali na wa bei ndogo, na neno likahama kutoka kwenye pambo lenyewe hadi kwenye kila kitu cha kung'aa kisicho na thamani. Hilo linaniuma, mwanangu. Naona waliolipotosha ni wale waliokuwa na hariri ya gharama, wakiwatazama wasichana waliojinunulia uzuri kwa senti walizokuwa nazo. Mimi niko upande wa Mopsa. Gauni lako nimeliona pichani, limekupendeza, nalo ulilishonesha kwa jasho lako.

Ukipata Jumamosi, panda treni uende Ely, ni kama robo saa tu. Kaburi lake lilivunjwa mwaka 1541, lakini ndani ya kanisa kuu kuna jiwe sakafuni linaloonyesha mahali lilipokuwa. Nipigie picha unitumie.

Mama yako akupendaye