Re: Osteoma ya sikio la kati, lazima mtoto apasuliwe?

Pole dada, naelewa hofu yako. Umeuliza kama osteoma iliyoonekana nyuma ya ngoma ya sikio la mwanao ni saratani, na kama lazima apasuliwe. Osteoma si saratani. Ni uvimbe wa mfupa unaokua polepole sana, na ndani ya sikio la kati ni nadra mno. Ile ya njia ya nje ya sikio ndiyo madaktari huiona zaidi.

Shida yake ni nafasi. Sikio la kati ni chumba kidogo nyuma ya ngoma, na kina vifupa vitatu vinavyopitisha sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Uvimbe ukivigusa vikashindwa kutikisika, usikivu hupungua. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: mtoto anasikiaje? Apimwe usikivu, na picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kwa undani) ionyeshe uvimbe umeshikana na nini. Kama anasikia vizuri na hana dalili, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa. Usikubali kuharakishwa kwenye upasuaji, kwa sababu neva ya uso, inayosogeza misuli ya uso, inapita humo humo na inaweza kujeruhiwa. Ila akipata kizunguzungu, akitokwa usaha sikioni au uso ukilegea upande mmoja, mrudishe haraka kwa daktari wa masikio, pua na koo.